Risasi mpya, nyati ni yuleyule: mjadala wa bunduki katika mapori ya Tanzania

KILA ifikapo Julai 1, jirani zetu wa Tanzania hufungua msimu wa uwindaji wa kitalii. Katika viwanja vya ndege vya Kilimanjaro na Dar es Salaam huanza kuonekana wageni kutoka Marekani, Ulaya na nchi za Kiarabu wakiwa na masanduku marefu yenye kufuli. Ndani ya masanduku hayo mna bunduki, na juu ya bunduki hizo kuna mjadala ambao huku kwetu Burundi haujulikani sana. Je, mwindaji aje na zile risasi za zamani ambazo babu zake walizitumia katika mapori haya haya, au aje na zile mpya za magnamu ambazo viwanda vya Marekani vimekuwa vikizitoa mfululizo?

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: mwalimu, sisi Warundi hatuna hata kitalu kimoja cha uwindaji, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Pori la Akiba la Moyowosi liko mkoani Kigoma, mkoa tunaopakana nao, ambako Warundi kwa maelfu wamepita wakiwa wakimbizi na wengi wana ndugu huko hadi leo. Mimi mwenyewe nilizaliwa na kusomea ukimbizini, katika makazi ya Katumba wilayani Mpanda, na nilirejea nyumbani mwaka 2009. Upande ule lilikuwapo Pori la Akiba la Ugalla, ambalo mwaka 2019 lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Magari ya wawindaji yalipopita, sisi watoto tulishangilia. Lakini habari ikija kwamba kuna nyati kajeruhiwa na hajapatikana, siku hiyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kwenda kuokota kuni.

Kwa hiyo siandiki hapa kama mwindaji, maana sijawahi kuwinda. Ninaandika kama mwalimu wa fizikia, na kama mtu aliyekulia upande ule ambako mnyama aliyejeruhiwa hukimbilia. Na hoja yangu ni hii: kuuliza kama risasi ya zamani ni bora kuliko mpya ni kuuliza swali nusu. Swali kamili ni hili: risasi hiyo inapigwa na nani, kwa mnyama gani, kwa umbali gani, na ikikosea ni nani atakayelipa?

Magnamu ni nini?

Kwa asiyeijua bunduki, nianze kwa maelezo mafupi. Kile tunachokiita risasi kina sehemu nne. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachotoka na kumpiga mnyama. Kuna ganda, kuna baruti iliyomo ndani ya ganda, na kuna fataki iliyoko kwenye kitako cha ganda, ambayo ikigongwa huiwasha baruti. Neno magnamu lina asili ya Kilatini, maana yake kubwa. Waingereza waliliazima kutoka kwenye chupa kubwa za mvinyo, wakalitumia kwa ganda lenye kubeba baruti nyingi kuliko ilivyo kawaida. Kwa hiyo mtu akikwambia bunduki yake ni ya magnamu, anakwambia kwamba inakula baruti nyingi. Hajakwambia bado kama inaua vizuri.

Risasi zinazoitwa za zamani nyingi zilizaliwa kwa ajili ya bara hili. Mwaka 1905, fundi Mjerumani wa Berlin aitwaye Otto Bock alibuni ile ya milimita 9.3, ganda lake likiwa na urefu wa milimita 62. Aliwalenga Wajerumani waliokuwa wakihamia makoloni ya Afrika, na tusisahau kwamba wakati huo nchi yetu, Rwanda na Tanganyika zilikuwa zikihesabiwa pamoja katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Risasi hiyo iliingia katika bunduki ya Mauser ya kijeshi, ikawa bunduki ya mlowezi asiye na fedha nyingi. Waingereza nao walikuwa na zao za watu wenye uwezo. Mwaka 1911 kampuni ya Rigby ya London ilitoa .416 Rigby, na mwaka uliofuata, 1912, Holland & Holland wakatoa .375 H&H Magnum, ambayo zaidi ya miaka mia moja baadaye bado ndiyo inayotajwa kwanza mtu akizungumzia bunduki ya Afrika. Namba .375 ni sehemu ya inchi, sawa na milimita 9.5 hivi.

Wabunifu wale walikuwa na tatizo moja kubwa: joto. Baruti ya Kiingereza ya wakati ule, kodaiti, ilipandisha nguvu kupita kiasi jua likiwa kali. Ganda likitanuka ndani ya bunduki linaweza kukwama, na kukwama kwa ganda mbele ya nyati ni kifo. Ndiyo maana walitengeneza maganda marefu, mapana, yenye mteremko kuelekea mdomoni, ili nguvu ibaki ya wastani na ganda litoke kwa urahisi. Watu wengi leo huona umbo lile ni la kizee. Mimi naona ni la watu waliojua wanakokwenda.

Hesabu ya darasani

Hapa naomba ruhusa ya kuingia darasani kidogo. Mwaka 1963 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa .300 Winchester Magnum, risasi ambayo hadi leo ni miongoni mwa zinazopendwa sana duniani. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 11.7 na hutoka kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nishati, yaani nusu ya uzito mara kasi mara kasi, utapata kama jouli 4,700. Sasa chukua ile ya Mjerumani ya 1905. Kichwa chake kina gramu 18.5 na hutoka kwa mita 720 hivi kwa sekunde. Piga hesabu ileile: jouli 4,800 hivi. Yaani risasi hizi mbili, zilizopishana kwa miaka 58, zina nishati karibu sawa kabisa. Moja inaitwa magnamu, nyingine haina hata jina la kujivunia.

Je, ni sawa kwa nyati? Hapana. Badala ya kuzidisha kasi mara mbili, zidisha uzito kwa kasi mara moja tu. Ile ya .300 inapata 10.5, ile ya Mjerumani inapata 13.3. Hiki cha pili ndicho kinachokueleza kwa sehemu kubwa kama kichwa kitaendelea kusonga mbele kikikutana na ngozi nene, misuli na mfupa wa bega. Ile ya .375 H&H, ikiwa na kichwa cha gramu 19.4 kwa mita 770 kwa sekunde, inapata karibu 15, na nishati ya jouli 5,700 hivi. Kasi huipa risasi nishati nyingi kwenye karatasi. Uzito na unene ndivyo huifikisha moyoni mwa mnyama mwenye kilo 700.

Watunga sheria wa kusini mwa bara letu walilielewa jambo hili. Zimbabwe, kwa tembo, kiboko na nyati, inataka vipimo viwili kwa pamoja: kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na nishati isiyopungua jouli 5,300. Tanzania inatumia kipimo cha kipenyo, na kwa wanyama hatari hao .375 ndiyo mpaka wa chini. Kwa kipimo hicho, ile risasi ya Mjerumani, ambayo kipenyo chake ni .366, inaachwa nje kwa tofauti isiyofika robo ya milimita. Iliyobuniwa kwa ajili ya makoloni haya haya leo haina ruhusa kwa nyati wa huku!

Mtu anaweza kunipinga kwa kumtaja W.D.M. Bell, yule Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kutokana na Karamoja ya Uganda. Ni kweli. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo asili yake ni ya mwaka 1892. Lakini Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na aliishi porini miaka kwa miaka. Mtu anayekuja kwa siku kumi baada ya mwaka mzima ofisini hawezi kujilinganisha naye. Bell hathibitishi kwamba risasi ndogo inatosha. Anathibitisha kwamba mpigaji ni muhimu kuliko risasi.

Mpya nazo zina haki yake

Tusiwe watu wa kusifia kila cha kale. Kuna mahali ambapo risasi mpya ni bora, na mtu mkweli lazima akubali.

Kwanza ni masafa. Katika nyika za Umasaini, ambako swala granti au choroa anaweza kukuona kutoka mbali na asikubali umsogelee, mwindaji anaweza kulazimika kupiga kwa mita 250 au 300. Hapo risasi yenye kasi inashuka kidogo tu njiani, na kosa dogo la kukadiria umbali halimgharimu sana. Risasi za karibuni, kama .300 PRC iliyotolewa mwaka 2018 na 7mm PRC ya mwaka 2022, zimebuniwa kwa ajili ya vichwa virefu vyembamba vinavyokata upepo vizuri. Ganda lake hukaa ndani ya bunduki kwa kuegemea bega lake, si ule mkanda wa chini uliokuwa kwenye ganda la Holland & Holland, na hilo husaidia ulengaji.

Pili ni gharama ya bunduki yenyewe. Ganda la .375 H&H lina urefu wa milimita 72, hivyo linahitaji bunduki yenye mtambo mrefu kuliko wa kawaida, na kwa miaka mingi mtambo huo ulikuwa ghali. Mwaka 2007 Ruger na Hornady walitoa .375 Ruger, fupi na nene, inayoingia katika mtambo wa kawaida na kutoa kasi kubwa kidogo kuliko ile ya 1912. Hii ni risasi mpya iliyotengenezwa kwa akili. Haikuleta majigambo ya masafa. Ilichukua kazi ileile ya zamani na kuifanya kwa bunduki fupi zaidi.

Lakini nyati hapigwi kwa mita 300. Hupigwa chini ya mita 100, mara nyingi 50 au 60, ndani ya vichaka, baada ya kufuata nyayo kwa saa kadhaa. Kwa umbali huo, sifa yote ya risasi inayokwenda mbali bila kushuka haina kazi. Ni sawa na mtu kununua gari la mashindano ili apite barabara ya Mpanda kwenda Uvinza wakati wa masika.

Viwanda hufa, risasi hubaki yatima

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Risasi haifi kwa sababu ni mbaya. Hufa kwa sababu kiwanda kimeacha kuitengeneza.

Tukirejea nyuma kidogo, hadi miaka ya 1960 risasi nyingi kubwa za Kiingereza zilitoka katika kiwanda kimoja, Kynoch. Makoloni yalipopata uhuru na wateja kupungua, Kynoch aliacha kuzitengeneza. Ghafla bunduki za thamani kubwa, pamoja na ile .416 Rigby, zikawa kama mabomba yasiyo na maji hadi pale zilipofufuliwa miaka ya 1980 na 1990. Ile .375 H&H ilipona kwa sababu Winchester walikuwa wameiingiza katika bunduki yao ya Model 70 mwaka 1937, na Wachekoslovakia nao wakaiingiza katika bunduki zao za Brno, imara na za bei ya kuvumilika.

Pengo la Kiingereza lilizibwa na Mmarekani. Mwaka 1956 Winchester walitoa .458 Winchester Magnum, yenye kichwa cha gramu 32. Ilikuwa ndiyo risasi mpya ya wakati wake, nayo ilikuja na ahadi nyingi. Lakini ganda lake lilikuwa fupi mno kwa baruti iliyohitajika. Baruti ilishindiliwa, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto baruti yake iliganda vipande, kasi ikashuka bila mwindaji kujua. Mmarekani Jack Lott, ambaye alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959, aliporudi kwao alibuni .458 Lott, ambayo ni kama ileile lakini ganda lake ni refu zaidi. Baadaye viwanda viliirekebisha baruti ya ile .458 ya kwanza, na leo ni risasi ya kuaminika. Hata hivyo fundisho limebaki: risasi mpya hujaribiwa na watengenezaji kwenye maabara, kisha hujaribiwa upya porini, na gharama ya jaribio hilo la pili hulipwa kwa damu.

Na zile za karibuni je? Mwaka 2003 Winchester walitoa familia ya risasi fupi kupita kiasi waliyoiita Super Short Magnum. Haikupita miaka mingi wakaachana nazo. Remington, kampuni iliyokuwa na magnamu za kila urefu, ilifilisika mwaka 2018 na tena mwaka 2020. Aliyenunua bunduki kwa sababu ya tangazo la gazeti, leo anatafuta risasi kama mtu anayetafuta spea ya gari lisilotengenezwa tena.

Sasa fikiria mgeni wa aina hiyo anatua Dar es Salaam. Kwa kawaida mashirika ya ndege humruhusu abiria kilo 5 tu za risasi. Sanduku lake la risasi likipotea njiani, itakuwaje? Kama bunduki yake ni ya .375 H&H au .458, uwezekano ni mkubwa kwamba kambini atakuta za kuazima, kwa kuwa hizo ndizo zinazotumiwa na wawindaji bingwa na askari wanyamapori. Kama ni ya .300 PRC, atakaa kambini akinywa chai.

Kilichobadilika kweli

Ukiniuliza ni kitu gani cha kisasa kilicholeta mapinduzi katika uwindaji, sitakutajia ganda lolote. Nitakutajia kichwa cha risasi.

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda huko British Columbia, Kanada, kwa bunduki ya .300 H&H Magnum, ambayo kwa wakati ule ilikuwa na sifa kubwa. Alimpiga mnyama mkubwa aitwaye moose, jamii ya kulungu mwenye mwili kama wa ng'ombe, akiwa amejaa tope. Vichwa vya risasi vilipasuka juu juu bila kuingia ndani. Nguvu ilikuwapo, kasi ilikuwapo, lakini kichwa kilikuwa dhaifu. Nosler alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta katikati, ili nusu ya mbele ikitanuka ile ya nyuma ibaki nzima na iendelee kuchimba. Kilianza kuuzwa mwaka 1948. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vikaja vichwa vya shaba tupu, visivyo na risasi ya plumbi ndani, ambavyo hutanuka bila kumeguka.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ile .375 ya mwaka 1912, ukiijaza baruti ya leo na kichwa cha shaba cha leo, si tena risasi ya mwaka 1912. Na magnamu ya mwaka 2022 yenye kichwa laini cha bei nafuu, ikipigwa karibu kwa kasi yake yote, inaweza kupasuka begani kwa pofu na kumwacha akikimbia na kidonda. Kwa maneno mengine, ugomvi wa zamani na mpya uko mahali pasipo penyewe. Mteja anatumia maelfu ya dola kuchagua ganda, ambalo hubaki mkononi mwake, kisha anabana matumizi kwenye kichwa, ambacho peke yake ndicho kinachomfikia mnyama.

Jambo hili linawahusu pia walaji. Tanzania mwaka 2020 ilitoa kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori. Kichwa cha plumbi kinachopasuka kwa kasi kubwa husambaza vipande vidogo ndani ya nyama, vingine visivyoonekana kwa macho, na plumbi ni sumu, hasa kwa watoto. Tai na ndege wengine wanaokula matumbo yaliyoachwa porini nao hudhurika. Kichwa cha shaba kinaondoa tatizo hilo, kiwe kwenye ganda la zamani au jipya.

Anayelipa kosa

Nifike sasa kwenye kiini. Bunduki yoyote, kwa sheria ya Newton, humrudishia mpigaji kile anachomtumia mnyama. Ya .375 humpiga mpigaji begani karibu mara mbili ya ile ya kawaida ya kuwindia swala, na .458 huzidi hapo. Mtu asiyezoea, akishapigwa mara mbili tatu, huanza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa woga. Risasi inakwenda tumboni badala ya moyoni. Zile magnamu mpya zenye kasi kubwa nazo zina mlio wa kuziba masikio na teke kali, na nyingi hununuliwa na watu wanaodhani kwamba nguvu ya ziada itafidia shabaha mbovu. Haifidii. Nyati aliyepigwa utumbo kwa bunduki kubwa ni nyati aliyejeruhiwa tu, sawa na aliyepigwa utumbo kwa ndogo.

Baada ya hapo nini hutokea? Mteja analipa, kwa sababu Tanzania mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kama aliyeuawa. Mwindaji bingwa analazimika kumfuata ili ammalize. Lakini anayetangulia mbele kabisa, macho chini akitafuta tone la damu, ni mfuata nyayo, kijana wa kijiji cha jirani, mara nyingi hana silaha mkononi. Asipopatikana mnyama huyo hadi jua kuzama, kesho yake anayekutana naye ni mama anayekwenda kuni au mchunga ng'ombe. Tanzania inazo kanuni za mwaka 2011 za kuwalipa wananchi walioathiriwa na wanyama hatari. Huita kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa. Majina hayo yenyewe yanasema kweli: machozi hufutwa, marehemu harudi.

Mwindaji bingwa wa Tanzania hufanya mtihani ndipo apewe leseni. Mteja wake anaingia na kibali na fedha. Kambi zenye heshima humpeleka kwanza akapige shabaha kwenye karatasi, lakini huo kwa sehemu kubwa huwa ni ukaguzi wa bunduki kama haikuharibika safarini, si mtihani wa mpigaji. Norway, kila mwaka, mtu anayetaka kuwinda wanyama wakubwa kwa bunduki lazima afaulu jaribio la shabaha. Kama Mnorway lazima athibitishe uwezo wake kabla ya kumpiga paa wa nyumbani kwao, kwa nini asithibitishe kabla ya kumpiga nyati wa Moyowosi?

Kwa maoni yangu, ndugu zetu wa Tanzania hawana haja ya kupiga marufuku bunduki mpya wala kuabudu za zamani. Mpaka wa .375 kwa wanyama hatari ubaki, kwani umejengwa juu ya uzoefu. Kiongezwe kipimo cha pili kama walivyofanya Zimbabwe, na cha tatu ambacho ndicho muhimu: mteja apige risasi tatu kwa umbali wa mita 60, akiwa amesimama, mbele ya askari wanyamapori. Akishindwa, awinde swala. Mteja wa kweli hatakasirika, na asiyeweza kulenga karatasi hana sababu ya kupewa nyati.

Na sisi Warundi?

Tunayo ya kujifunza. Viboko wa Rusizi hutoka usiku na kufika hadi ndani ya mitaa ya Bujumbura. Katika hifadhi ya Ruvubu tuna nyati. Kila mtu anamjua Gustave, yule mamba wa Rusizi na Tanganyika, ambaye inasemekana alikuwa na makovu ya risasi mwilini. Mnyama anapoleta hatari, silaha iliyo karibu mara nyingi ni ya kivita. Risasi ya Kalashnikov ina kichwa cha gramu 8 kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde, yaani jouli 2,000 hivi. Hata nusu ya kinachotakiwa kwa nyati haifiki, achilia mbali kiboko wa tani moja na nusu. Ilibuniwa kwa ajili ya binadamu wa kilo 70. Kummiminia kiboko risasi za namna hiyo ni kumtesa, kumkasirisha, na kumrudisha kwa watu akiwa na maumivu.

Hatuhitaji vitalu wala watalii wenye masanduku ili tulirekebishe hilo. Tunahitaji bunduki chache za .375, za mtindo uleule wa zamani ambao risasi zake hazipotei sokoni, ziwe chini ya mamlaka ya mazingira, mikononi mwa watu wachache waliofunzwa na wanaopimwa shabaha kila mwaka. Na zitumike pale tu ambapo kumfukuza mnyama kumeshindikana. Kabla ya kuagiza, waulizwe askari wanyamapori wa Kigoma na Katavi. Wao wameshajua ni zipi zinazofanya kazi, na uzoefu wa jirani ni mali isiyolipiwa ushuru mpakani.